Ndaye Mulamba, mtu tuliyemlilia mara mbili

Mwezi wa pili wa mwaka 1998, Kombe la Afrika lilipokuwa likichezwa Burkina Faso, wachezaji walisimama kimya uwanjani kwa dakika moja. Washabiki nao wakasimama. Walikuwa wameambiwa kwamba Pierre Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa zamani wa Vita Club na wa Leopards wa Zaïre, amekufa katika ajali ya mgodi wa almasi huko Angola.

Habari hiyo ilikuwa ya uongo. Siku ile Ndaye alikuwa hai Afrika Kusini. Alikuwa mkimbizi, bila pesa, akiishi mahali ambapo karibu hakuna mtu aliyejua jina lake. Afrika nzima ilimfanyia matanga wakati yeye alikuwa anatafuta chakula cha jioni.

Kifo chake cha kweli kilikuja karibu miaka 21 baadaye. Alifariki Johannesburg siku ya posho, tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019, akiwa na miaka 70. Inchi yetu wakati huo ilikuwa inaangalia mahali pengine: siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu Félix Tshisekedi alipoapishwa kuwa rais, na kila redio ilikuwa inaongea siasa. Wazee waliompenda Ndaye walimlilia kwa sauti ya chini, kwenye viti vya mbele ya nyumba, wakielezana yale waliyoyasikia redioni zamani.

Ninataka kuwasimulia maisha yake, ndugu wasikilizaji na wasomaji, hasa ninyi mlio katika kambi na ninyi mnaokaa katika familia zilizowapokea. Mtaona mwishoni kwa nini.

Kijana wa Luluabourg

Ndaye alizaliwa mwaka wa 1948 katika muji wa Luluabourg, ule tunaouita leo Kananga. Alianzia Renaissance du Kasaï, kisha Bantous, timu nyingine ya Kananga. Mwanzoni mwa miaka ya sabini AS Vita Club ya Kinshasa ikamchukua.

Washabiki walimpa jina la Mutumbula. Wazee wa Kasaï na wa Katanga wanalijua jina hilo tangu wakati wa Wabelgiji: mutumbula ni yule aliyesemekana kuteka watu usiku, na asiyeonekana mpaka amekufikia. Ndivyo Ndaye alivyowafanyia walinzi wa timu nyingine. Wanadhani yuko mbali, kumbe mpira umekwisha kuingia.

Mwezi wa 12 mwaka 1973 ulikuwa mwezi mkubwa sana kwa mpira wetu. Zaïre iliipiga Maroc 3-0 mjini Kinshasa na kupata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara kufika pale. Mwezi huo huo Vita Club ikachukua Kombe la klabu bingwa za Afrika. Ilikuwa imepigwa 4-2 na Asante Kotoko huko Kumasi, Ghana. Waghana wakaja Kinshasa na faida ya magoli mawili, wakarudi kwao wamepigwa 3-0. Ndaye alikuwa katika timu hiyo.

Sisi wa mashariki tunaweza kuuliza: Vita Club ni ya Kinshasa, inatuhusu nini? Lakini tuangalie Leopards wa 1974. Ndaye wa Kananga alicheza pamoja na Mayanga, Kibonge na Lobilo wa Vita Club, na Kidumu na Kakoko wa Imana ya Kinshasa, ile inayoitwa leo Motema Pembe. Kutoka Lubumbashi walikuja Kazadi mlinda mlango, Bwanga Tshimen na Mwepu Ilunga wa Mazembe. Siku za mechi, kuanzia Matadi mpaka Bukavu, hakukuwa na mutu wa huku na mutu wa kule. Kulikuwa na redio moja, na watu wengi wameizunguka.

Magoli tisa Misri

Mwezi wa tatu 1974 Kombe la Afrika lilichezwa Misri. Kocha alikuwa Blagoja Vidinić, Myugoslavia. Katika kundi Zaïre ilishinda Guinée na Maurice, ikapigwa na ndugu zetu wa Congo-Brazzaville. Ndaye alitoka katika kundi na magoli matatu.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Misri wenyewe, nyumbani kwao. Kipindi cha pili kilipoanza kuchangamka, Misri walikuwa wanaongoza 2-0. Watu wengi hapa kwetu walikuwa karibu kuzima redio. Dakika moja baada ya goli lile la pili, Ndaye akapiga la kwanza. Kidumu akasawazisha. Kisha Ndaye tena, 3-2. Uwanja wa Wamisri ukanyamaza.

Fainali ilikuwa Cairo, dhidi ya Zambia. Zambia wakatangulia, Ndaye akasawazisha. Mechi ikaenda katika dakika za nyongeza. Ndaye akapiga goli la pili zikiwa zimebaki dakika tatu, na Wazaïrois wakaanza kusherehekea. Dakika ya mwisho kabisa Zambia wakarudisha: 2-2. Fainali hiyo haikumalizwa kwa penati kama tunavyoona leo. Ilibidi kurudia mechi nzima. Siku mbili baadaye, tarehe 14, timu zikarudi uwanjani. Zaïre ikashinda 2-0, na magoli yote mawili yalikuwa ya Ndaye.

Hesabu: matatu katika kundi, mawili nusu fainali, mawili fainali, mawili fainali ya kurudia. Tisa. Mbele yake rekodi ilikuwa ya Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire, aliyepiga nane mwaka wa 1970. Tangu 1974 mpaka leo hakuna aliyefika magoli tisa katika Kombe moja la Afrika. Samuel Eto'o wa Cameroun ana magoli 18, ndiyo, lakini hayo ni ya makombe yote aliyocheza, kwa miaka mingi. Ndaye alipiga tisa katika wiki mbili.

Kadi nyekundu isiyo yake

Miezi mitatu baadaye walikwenda Ujerumani ya Magharibi, kwenye Kombe la Dunia. Hapo ndipo dunia ilipowajua Leopards, na iliwajua vibaya.

Walipigwa na Écosse 2-0, na si aibu. Lakini kabla ya mechi ya pili wachezaji wakajua kwamba pesa walizoahidiwa hawatazipata. Walikataa kucheza, kisha wakasukumwa uwanjani. Tarehe 18 mwezi wa sita, huko Gelsenkirchen, Yougoslavie iliwapiga 9-0. Walipofungwa goli la tatu, Kazadi alitolewa golini, akaingia Tubilandu, na mara moja likaingia la nne. Wachezaji wakamzunguka mwamuzi, Mcolombia, kwa hasira. Mwepu Ilunga akampiga teke kwa nyuma. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu. Akampa Ndaye.

Tuelewane vizuri: aliyepiga teke ni mwingine, aliyefukuzwa ni Ndaye. Mechi haikuwa imefika hata nusu saa. Mfungaji bora wa Afrika alitoka uwanjani kwa kosa ambalo hakulifanya, na hakucheza tena katika Kombe lile. Mechi ya mwisho, dhidi ya Brésil, aliitazama kutoka nje.

Ni katika mechi hiyo ya Brésil ambapo Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajapiga faulo yao. Watu wa Ulaya bado wanaonyesha picha hiyo na kucheka, wakisema Waafrika wale hawakujua sheria. Mwepu, aliyefariki Kinshasa mwaka wa 2015, alieleza mara nyingi kwamba alizijua sheria vizuri. Wachezaji walisimulia kwamba watu wa Mobutu walikuwa wamewatisha: mkipigwa na Brésil zaidi ya magoli matatu, msirudi nyumbani. Ilimalizika 3-0. Ukijua hofu waliyokuwa nayo, huwezi kucheka.

Waliporudi, milango iliyokuwa wazi mwezi wa tatu ilikuwa imefungwa. Kabla ya hapo rais alikuwa amewapa nishani na zawadi. Sasa alitazama mahali pengine. Kwenda kucheza Ulaya na kutafuta maisha huko hawakuruhusiwa. Wengi wao walizeeka katika umaskini, kila mmoja upande wake, wakati jezi zao zilikuwa bado zinaimbwa.

Njia ya ukimbizi

Mwaka wa 1994, miaka 20 baada ya magoli yake tisa, Ndaye aliitwa kwenye Kombe la Afrika huko Tunisia ili aheshimiwe. Ilikuwa siku nzuri kwake. Lakini aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia. Walidhani mtu aliyetoka kuheshimiwa Tunisia lazima amerudi na dola nyingi. Pesa hizo hazikuwepo. Wakampiga risasi mguuni, ule mguu ambao Afrika nzima iliupigia makofi. Ilimchukua miezi mingi kupona. Na katika vurugu za miaka ile alimpoteza pia mtoto wake, aliyeuawa.

Mwaka wa 1996, vita ilipoanza, Ndaye alitoroka. Alikuwa na miaka 48. Alifika Johannesburg, kisha akaenda Cape Town, ambako familia moja ya mtaa wa watu wa kawaida ilimpokea. Kazi alizopata zilikuwa ndogo ndogo, na kazi nyingine hazikupatikana kabisa. Alichechemea kwa sababu ya risasi ile.

Ni katika hali hiyo, mwaka wa 1998, ndipo kikaja kile kimya cha dakika moja huko Burkina Faso. Kombe hilo Congo yetu ilimaliza ya tatu, baada ya mechi ya 4-4 na wenyeji iliyomalizwa kwa penati. Vijana wale walikuwa wanacheza katika njia aliyoifungua Ndaye, naye alikuwa upande wa pili wa Afrika, akihesabiwa kati ya wafu.

Ninajiuliza mara nyingi: uongo ule uliwezaje kuaminiwa? Ni rahisi kuelewa. Hakuna aliyekuwa na anwani yake. Hakuna ofisi ya mpira iliyokuwa inajua anakaa wapi, anakula nini, mguu wake umepona au hapana. Mtu akitoka kwao kwa ajili ya vita, na hakuna anayemtafuta, baada ya muda watu wanaanza kusema «labda alikufa». Neno «labda» linapotea njiani. Linabaki «alikufa».

Lakini kule Cape Town Ndaye alijenga maisha. Alioa mwanamke wa pale. Aliwafundisha vijana wa timu ndogo za mtaa, wengine bila viatu, namna ya kumdanganya mlinzi kwa bega kabla ya kupiga. Baadaye filamu ilitengenezwa juu yake, ikamwonyesha akirudi kuona inchi yake. Watu wakajua: kumbe Mutumbula yuko hai. Alipewa miaka hiyo ya kukumbukwa akiwa na masikio ya kusikia. Mwishoni moyo, figo na magoti vilimsumbua, mpaka siku ile ya mwezi wa kwanza 2019.

Mzee wa bidoni

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika haya.

Nilikuwa katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, na mikrofoni yangu, nikitafuta habari za maji. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa na kamba. Walipopumzika wakaanza kubishana: nani amepiga magoli mengi katika Kombe la Afrika? Mmoja akasema Eto'o. Mwingine akasema Drogba. Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa juu ya bidoni akingoja zamu yake ya maji, akasema bila kugeuza kichwa: ni Ndaye, tisa, 1974. Watoto wakacheka. Ndaye ndiye nani? Mzee akawataja magoli moja moja, kwa mpangilio, kama mtu anayehesabu watoto wake. Watoto wakanyamaza, kisha wakasogea karibu.

Nikamuuliza mzee yeye mwenyewe alikuwa nani kijijini. Akasema alikuwa mwamuzi. Miaka mingi alichezesha mechi za timu za vijiji vyao, siku za yenga baada ya misa, na filimbi yake ilibaki nyumbani siku ya kukimbia. Majirani zake wa kambi, waliokaa naye miezi na miezi, hema kwa hema, hawakujua jambo hilo. Walijua tu idadi ya watu katika nyumba yake na namba ya jetoni yake ya chakula. Hata mimi nilikuwa nimekuja mara tatu pale, na mara zote tatu nilikuwa nimeandika «mkimbizi mmoja alisema».

Hilo lilinichoma. Mimi, mwandishi, nilikuwa ninafanya lile lile walilomfanyia Ndaye. Mtu yuko hai mbele yangu, na mimi nimekwisha kumwandika kama mtu asiye na jana.

Ndugu zangu, vita inachukua shamba, ng'ombe, mabati ya nyumba, na mara nyingi inachukua watu wetu. Lakini haiwezi kuchukua kwamba ulikuwa mwalimu wa darasa la sita, au mshonaji aliyeshona nguo za bibi-arusi wa kijiji kizima, au namba tisa wa timu ya parokia. Hiyo inapotea kwa njia moja tu: tusipoulizana.

Mjini Kananga, Kinshasa na Lubumbashi wako wazee wanaoweza kusimulia Leopards wa 1974, na kila mwaka wanapungua. Hapa kwetu pia ziko timu ambazo hazikuandikwa katika kitabu chochote, timu za mashamba ya chai, za migodi, za shule za misioni. Wachezaji wake wengine wamelala chini, wengine wako katika mahema. Kuwakumbuka hakuhitaji pesa za ofisi yoyote. Kunahitaji daftari, au simu yenye kurekodi, na nusu saa ya kukaa chini na mzee. Andika jina lake, jina la timu, mahali alipocheza, nani alikuwa golini, mechi gani hawezi kuisahau. Kama wewe ni kijana na hujui uanzie wapi, anzia kwa baba yako au babu yako.

Yule mzee wa bidoni sasa anachezesha mechi za watoto wa kambi. Vijana walichangishana wakamnunulia filimbi sokoni, na nimewaona wenyewe wanamwita «arbitre», si «mzee wa hema la mwisho». Na mimi, kila ninapofungua mikrofoni mbele ya mtu aliyehama, swali langu la kwanza si tena «mlikimbia lini?». Ninamuuliza kwanza: jina lako ni nani, na kule nyumbani ulikuwa unafanya nini?

Pierre Ndaye Mulamba, mwana wa Kananga, mshambuliaji wa Vita Club, magoli tisa. Kimya cha 1998 hakikuwa chake. Apumzike kwa amani.